Draya la Mama Kimya

Watu wakiulizwa mwimbaji mkubwa alianzia wapi, hujibu haraka haraka: kwaya, shule, babu alikuwa mpiga gitaa. Huyu wetu hana hata shangazi mmoja aliyewahi kupiga mluzi ukasikilizika. Alianzia kwenye draya la kukaushia nywele. Msinicheke, nasema kweli tupu. Na draya lilikuwa la mama yake, kwa hiyo hadithi hii ni ya mama kabla haijawa ya mtu mwingine yeyote.

Mama huyu alianza kusuka akiwa msichana, kwenye ngazi za nyumba za watu, mteja amekaa ngazi ya chini na yeye ngazi ya juu. Alikuwa na vidole vyepesi na mdomo usiojua likizo. Akasuka, akasuka, hadi akapata chumba chake mwenyewe: mlango mmoja, dirisha moja, mabeseni matatu na vioo viwili, kimoja kikiwa na ufa alioufunika kwa picha ya mwanamke mwenye nywele ndefu. Draya alilitoa kwenye hoteli fulani iliyokuwa inafunga saluni yake. Lilikuwa lile la kusimama, lenye kofia kubwa ya kuingiza kichwa kizima, rangi yake ya maziwa imeshageuka njano, gurudumu moja limepinda. Ukiliwasha lilikohoa kwanza, halafu likanguruma mpaka chupa za mafuta zikacheza rafuni.

"Hili ni draya au lori linapanda mlima?" aliuliza nesi wa zahanati ya jirani, mteja wake wa kwanza kabisa.

"Linakausha au halikaushi?"

"Linakausha."

"Basi tulia ukauke."

Alikuwa na binti mmoja tu, na binti huyo alikuwa na haya hadi watu wakaona ni ugonjwa. Mgeni akiingia, mtoto alijificha nyuma ya gauni la mama, vikabaki kuonekana vidole vya miguu. Darasani akiitwa jina aliinua mkono, sauti hakuitoa. Mtaa ukambatiza Kimya, na kwa kuwa mzazi huitwa kwa jina la mwanawe, msusi akawa Mama Kimya. Watu walivunjika mbavu kila walipolitaja jina hilo, maana mama mwenyewe hakuwahi kufunga mdomo tangu azaliwe.

Alicheka nao, lakini lilimuuma. Kila mteja aliuliza swali lile lile, "Hivi huyu anaongea kweli?" na kila mara alijibu, "Anaongea akiwa na la kusema, si kama sisi." Kisha aligeukia kioo na kuvuta nywele za aliyeuliza kwa nguvu zaidi kidogo kuliko ilivyohitajika.

Siku moja nesi alikuwa chini ya kofia, macho ameyafumba, draya linanguruma. Kimya alikuwa anafagia nywele sakafuni. Mama akiosha vitana akasikia kitu. Alidhani ni redio ya dukani. Akafunga bomba, akasikiliza tena. Ilikuwa sauti ya mtoto, nyembamba na safi, inapanda polepole, inakaa juu, inashuka bila kujikwaa popote. Aliinua macho kwenye kioo akamwona binti yake, fagio mkononi, anaimba huku ameinama, kama mtu aliye peke yake duniani.

Nywele za nesi zilikuwa tayari. Mama akalizima draya, na wimbo nao ukakatika papo hapo. Mtoto akaendelea kufagia, uso mkavu, kana kwamba hakuna kilichotokea. Mama akasimama pale mikono inachuruzika maji. Kisha akamwambia nesi, "Rudi ndani, bado hujakauka."

"Nimekauka mpaka ubongo!"

"Rudi ndani, nimesema."

Akaliwasha. Draya likakohoa, likanguruma, na baada ya kitambo wimbo ukarudi. Hapo ndipo mama alipoelewa. Mtoto aliamini kwamba kelele zile zinamfunika. Aliamini kwamba kama mteja aliye ndani ya kofia hasikii, basi hakuna anayesikia.

Tangu siku hiyo draya la Mama Kimya halikulala. Likiwa na mteja liliwashwa, likiwa halina mteja liliwashwa vile vile, kofia tupu inapuliza hewa ya moto ukutani. Mamdogo, mdogo wake mama aliyekuwa anamsaidia kuosha na kusuka, alidhani dada yake amechanganyikiwa. Alipoambiwa sababu, alilia hadi wanja ukamchuruzika. Baba ndiye aliyekuwa mtihani. Alikuwa fundi viatu, mtu mwema, lakini mkono wa birika hasa, mtu wa kuzima taa ya chumbani huku wewe bado unatafuta kitanda.

"Mama Kimya," alisema siku moja akiwa mlangoni, kiatu cha mtu mkononi, "humo ndani ya kofia kuna nani?"

"Hakuna mtu."

"Sasa tunakausha nini? Ukuta?"

Mama akamshika mkono, akamvuta nyuma ya pazia la mahali pa kuoshea. "Nyamaza. Sikiliza." Baba akasikiliza. Akasikiliza mpaka kile kiatu kikamponyoka. Alitoka, na kuhusu umeme wa draya hakufungua mdomo tena, ingawa taa za nyumbani aliendelea kuzima kama kawaida.

Wateja nao wakajua. Siri ya saluni haikai, jamani, hilo kila mtu analijua. Lakini hii ilikaa, kwa sababu mama aliapa mbele yao: "Atakayegeuka kumtazama mwanangu akiimba, nitampaka dawa niisahau kichwani." Basi hakuna aliyegeuka. Walimtazama kwenye kioo. Wanawake sita, saba, wamekaa kwenye benchi wameelekea ukutani kama watu wanaosubiri adhabu, na wote macho kwenye kioo chenye ufa, wanasikiliza. Wengine walikuja hata kama nywele zao zilisukwa jana yake. Mama aliwakaribisha, akawachana kidogo kwa heshima, akawaacha wakae.

Miongoni mwao alikuwepo mke wa fundi mitambo mwenye studio ndogo ya kurekodi. Kimya alipomaliza shule, mwanamke yule akamwambia mumewe, na mumewe akasema aje. Mama alimvalisha binti yake, akamtengeneza nywele tangu alfajiri, akampeleka mwenyewe. Wakamwingiza kwenye chumba chenye zulia ukutani na dirisha la kioo, mlango ukafungwa, na ndani kukawa kimya kabisa, ule ukimya wa kusikia mate yako yakishuka. Kimya akafungua mdomo. Hakikutoka kitu. Akajaribu tena. Machozi yakaanza kumlenga.

Fundi mitambo hakuwa mtu mbaya. Alizima mashine, akatoka, akauliza, "Mama, akiwa nyumbani huwa anaimbia wapi?"

Mama akatazama chini, akasema kwa sauti ndogo isiyo yake, "Karibu na draya."

"Basi lilete. Wengine wameniletea mbuzi humu."

Likaja nyuma ya gari la kukodi, limelazwa kwenye godoro kama mgonjwa, mamdogo ameikumbatia kofia. Wakaliweka kwenye ujia nje ya mlango, wakaliwasha, likakohoa, likanguruma, na Kimya akafumba macho akaimba wimbo mzima bila kukosea. Fundi mitambo alijitahidi sana kuusafisha ule mngurumo, mwishowe akaacha. Alisema ukiutoa, wimbo unabaki kama nyumba isiyo na sakafu. Basi ukabaki, na hadi leo vijana wanabishana ni chombo gani kile kinachovuma chini chini mwanzo mpaka mwisho.

Wimbo ulitoka redioni, ukatoka madukani, ukatoka kwenye simu za watu. Jina la Kimya, lile la kuchekwa, likaandikwa kwenye mabango kwa herufi ndefu kuliko mtu. Jukwaani hakupata taabu hata kidogo: ngoma, magitaa, watu wanapiga mayowe, kwake yote hayo yalikuwa draya moja kubwa. Akasafiri, akapiga picha na watu wazito, akapewa tuzo ya kioo ambayo baba aliiweka juu ya kabati na kuifunika taulo isipate vumbi.

Na mama? Mama alivimba, nani angemzuia! Redio ya saluni ilifunguliwa hadi mwisho. Mpita njia akiimba wimbo wa binti yake na kukosea, mama alitoka mlangoni, kitana kimening'inia kwenye nywele zake, akamrekebisha. Mteja mpya akikaa, kabla hajasema anataka mtindo gani, alishaambiwa: "Umekaa pale alipokuwa anafagia." Na haki yake. Angejivuna nani kama si yeye?

Ila kujivuna huko ndiko kulikomponza. Watu walianza kuja kupiga picha saluni, na mama akaanza kuiona saluni kwa macho yao. Akaona ufa wa kioo. Akaona draya la njano lenye gurudumu bovu. Akajisemea, mama wa staa hawezi kuwa na draya linalokohoa. Akapaka rangi, akaweka vioo vipya vyenye taa, akaagiza madraya mapya matatu, meupe, membamba, yasiyotoa sauti zaidi ya pumzi ya mtoto aliyelala. Na lile la zamani alimpa mnunua vyuma chakavu, likaenda zake juu ya mkokoteni pamoja na mabati. Mamdogo alitaka kusema kitu siku ile. Mama akamkata kauli: "Kimya sasa anaimba viwanjani, anataka nini na lile dude?"

Kisha ikaja sherehe ile ya tuzo, iliyoonyeshwa moja kwa moja kwenye televisheni. Ukumbi wa mazulia, watu wamevaa suti, wamekaa wima. Wakamwomba aimbe ule wimbo wa kwanza bila ala yoyote, sauti tupu. Ukumbi mzima ukanyamaza kwa heshima, na heshima ile ndiyo iliyommaliza. Akafungua mdomo. Hakikutoka kitu. Akasimama pale, taa zinamwangaza, mpaka mtangazaji akaja kumshika mkono. Kesho yake video ilikuwa kwenye kila simu, watu wameiwekea vicheko. Mama aliiona kwenye simu ya mteja. Alimaliza kumsuka, mistari yote imenyooka, halafu akaenda nyuma ya pazia akalia.

Baada ya hapo Kimya hakuimba tena, hata mazoezini, hata na bendi nzima nyuma yake. Madaktari walimpiga tochi kooni wakasema koo ni zima. Onyesho kubwa la uwanjani lilikuwa Jumamosi, tiketi zimekwisha, meneja anapiga simu asubuhi na jioni. Jumatano yake, bila kumwambia mtu, Kimya akaja nyumbani. Aliingia saluni amejifunga kitambaa kichwani na miwani usoni, akasalimia wakubwa kwa zamu yao, kisha macho yake yakaenda moja kwa moja kwenye kona.

"Mama. Liko wapi?"

Mama Kimya akashika kitambaa, akaanza kufuta kioo kilichokuwa safi. Mamdogo ndiye aliyesema, kwa upole, "Liliuzwa, mwanangu. Vyuma chakavu."

Kimya akatikisa kichwa taratibu. Hakukasirika, na ingekuwa nafuu kama angekasirika. Akakaa kwenye kiti kipya chini ya draya jipya, akatazama mikono yake. "Sawa tu. Nilitaka kulisikia mara moja kabla sijampigia meneja. Nitamwambia aahirishe. Nadhani na mengine yote basi. Naacha kuimba, mama."

Mama aliwasha madraya yote matatu kwa mpigo. Yakapumua kidogo, "sss", kama birika lililo mbali. Akayatazama kwa chuki ambayo hakuwahi kumtazama nayo binadamu. "Mashetani wakubwa," akayaambia, akayazima. Kisha akamgeukia baba, aliyekuwa amesikia binti yake yupo na kuja mbio na aproni yake ya kazi. "Nenda kwa wa vyuma. Liwe limekatwa vipande, lete vipande."

Baba akatoka. Saluni ikakaa kama msibani. Nesi, ambaye sasa alikuwa mstaafu mwenye nywele nyeupe, alikuwa benchini na wenzake wawili wa zamani. Mama akasimama katikati, mikono kiunoni, na akasema waziwazi, bila kujali nani anasikia: "Kosa ni langu. Nimeona aibu ya kitu kilichomlea mwanangu. Sasa sikilizeni. Mnajua kupiga domo nyie, kazi yenu hiyo miaka yote. Pigeni! Wote kwa pamoja!"

Wakatazamana. Nesi akaanza kumsema mkwewe. Wa pili akaanza kumsema mwenye nyumba. Mamdogo akawasha mashine ya kunyolea na kuiweka ndani ya beseni la bati, ikatetemeka kama imepandwa na mzimu. Redio ikasogezwa mahali pasipo na stesheni. Mama akagonga kopo la dawa kwa brashi. Ilikuwa kelele, ndiyo, lakini kelele ya vipande vipande, na Kimya alitabasamu tu kwa huruma, kama mtu anayeletewa dawa anayojua haitamponya.

Hapo kukasikika mngurumo mlangoni. Mngurumo hasa, na moshi juu yake. Baba alikuwa anasukuma jenereta, jasho linamtoka, likiwa linaunguruma tayari. Akaliegesha kizingitini.

"Draya limeshayeyushwa!" alipiga kelele. "Nimekodi hili!"

"Baba, umeme upo!" Kimya akapaza sauti.

"Najua upo! Hili si la umeme! Hili ni la kelele!"

Baba, mtu wa kuzima taa. Amekodi jenereta mchana kweupe, umeme ukiwapo. Kimya akaanza kucheka. Alicheka mpaka miwani ikaanguka, akashika mbavu, akamkumbatia baba yake pamoja na aproni na gundi yake ya viatu. Halafu akafuta macho, akatazama sakafu iliyojaa nywele, akachukua fagio ukutani. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo. Wanawake wa benchini nao, bila kuambiwa, wakageuka wakaelekea ukutani, macho kwenye kioo.

Akafagia mara mbili, mara tatu. Na chini ya mngurumo ule sauti ikaanza, ndogo, kisha ikapanda, ile ile, safi, haijapungua hata uzi. Mama aliuma kanga yake ya kazini asipige kelele ya furaha.

Wimbo ulikuwa katikati, penye ile sehemu ya juu kabisa, jenereta lilipokohoa. Likakohoa tena. Likazima.

Mama alimgeukia baba polepole. Baba alikuwa amefumba macho. Alikuwa ameweka mafuta kidogo, bahili huyu, ya kujaribia tu. Mamdogo akazima mashine na redio kwa mshtuko, nesi akakata habari za mkwewe, na saluni nzima ikanyamaza, ukimya ule ule wa studio, ule ule wa ukumbini.

Kimya hakuacha. Sauti ilitetemeka kidogo, ikasimama, ikaendelea juu, ikakaa, ikashuka mahali pake. Aliuimba wimbo mpaka mwisho katika chumba kisicho na kelele yoyote. Kisha akaegemea fagio, akawatazama kwenye kioo, mmoja mmoja.

"Mama," akasema, "nilijua kofia ilikuwa tupu."

Mama akaiweka chini brashi aliyokuwa bado ameishika.

"Nilijua tangu nikiwa mdogo. Nilijua na hawa wananiangalia kwenye kioo, maana na mimi nilikuwa nawaangalia kwenye kioo hicho hicho. Ila nilikuwa nikisikia unaliwasha, najua unataka kunisikia. Basi naimba." Akafuta shavu kwa mgongo wa mkono. "Kule ukumbini sikumwona hata mmoja wenu."

Mama akamjia. Alimvuta, akamkalisha kitini, akamfungua kitambaa, akaanza kumchambua nywele, kwa sababu mikono yake haikujua njia nyingine ya kusema. Jioni ile Kimya alimpigia meneja simu, akamwambia atakuja, na kwamba atahitaji viti vitano vya mbele kabisa.

Jumamosi uwanja ulifurika. Mama, baba, mamdogo, nesi na mke wa fundi mitambo walikaa mbele, nywele za wanawake zimetengenezwa hadi zinang'aa. Jua lilikuwa bado halijazama Kimya alipotoka jukwaani. Hakuanza kuimba. Alisogeza kipaza sauti mdomoni, akasema lile ambalo kila mwimbaji husema, "Pigeni keleleee!" Uwanja ukanguruma. Watu walidhani ni mbwembwe za kawaida. Yeye akawatafuta wale watano kwa macho mpaka akawaona, akainua mkono, na maelfu yale ya watu yakatulia. Bendi haikugusa chombo. Katika utulivu ule akaimba wimbo wa kwanza, sauti tupu, toka mwanzo hadi mwisho.

Kijana wa kike aliyekaa upande wa pili wa mama alikuwa analia waziwazi. Akamwona mama naye analia, akamwuliza, "Mama, unamfahamu?"

Miaka yote Mama Kimya alikuwa na jibu refu la swali hilo, na aliwapa hata wasiouliza. Siku ile aliweza kusema kidogo tu.

"Mimi ndiye niliyekuwa namwashia draya."

"Ooh, kumbe wewe ndiye msusi wake!" kijana akasema. "Hongera, mama, kazi yako nzuri sana."

"Asante, mwanangu," akasema Mama Kimya, akakaa wima kwenye kiti chake. "Nilijitahidi."